Umefuta programu ya mkopo? Deni bado lipo, na namba za ndugu zako wanazo

Asubuhi Mtaa wa Kongo, Kariakoo, machinga wanatandika mizigo na wateja wa jumla wameshaanza kushuka kwenye daladala. Muda huohuo simu zinaanza kulia. Wengine ni wateja, wengine ni ujumbe wa kukumbushwa marejesho.

Kariakoo watu wanajua hesabu. Muuza mikoba anakutajia faida ya kila begi bila kugusa kikokotoo. Lakini muulize jumla anadaiwa shilingi ngapi kwenye simu, hapo utamwona anakuna kichwa.

Si uzembe. Madeni ya siku hizi yamesambaa. Kuna salio la tafu, kuna Songesha iliyokuongezea hela ulipopungukiwa wakati wa kulipa, kuna hisa na mkopo wa kikoba, kuna kausha damu wa mtaani anayepita na daftari jioni. Halafu kuna zile programu tatu ulizopakua usiku mmoja mtoto alipougua. Kila moja inaonekana ndogo, ukizijumlisha ndiyo unaona kwa nini mtaji haukui.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni, na kuwataka wananchi wasiyatumie. Miezi michache kabla, Agosti, ilikuwa imetoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali: masharti, riba na tozo viwe wazi, madeni yadaiwe kwa staha, siri za mteja zilindwe.

Orodha ile ilisambaa WhatsApp kama moto, na wengi walifanya kitu kimoja: wakafuta programu. Shida ni kwamba kufuta kunaondoa picha kwenye kioo tu.

Ulipoipakua, ilikuomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako, nawe ukabonyeza "kubali" kwa sababu hela ilikuwa inahitajika sasa hivi. Majina yakishachukuliwa yanakaa kwao. Ndiyo maana mtu anafuta programu Jumatatu, Alhamisi shemeji yake anapigiwa simu na kuambiwa yeye ndiye mdhamini. Mkopeshaji kukosa leseni hakumzuii kupiga.

Kwa hiyo anza na hesabu, kufuta kuje baadaye. Chukua mfano huu. Umeomba 100,000, zimeingia 70,000 baada ya makato, na baada ya siku 7 unatakiwa urudishe 100,000 kamili. Umelipia 30,000 kwa kutumia 70,000 wiki moja. Hiyo ni karibu asilimia 43. Ukomo wa riba ambao BoT imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 70,000 hiyo ni 2,450 mwezi mzima.

Ukiona tofauti hiyo kwa mwandiko wako mwenyewe, huhitaji semina.

Andika yote kwenye karatasi moja: nani anakudai, ulipokea kiasi gani mkononi, unatakiwa kurudisha kiasi gani, lini. Kusanya na picha za ujumbe na rekodi za miamala kabla hujafuta chochote, maana ndiyo ushahidi wako. Ukishamaliza, ingia kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa ya majina, picha na ujumbe, ndipo ufute.

Kama umeshadhalilishwa, yaani picha yako imerushwa au ndugu wametukaniwa deni lako, sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko. Wengi hawaendi kwa aibu. Lakini kudaiwa si kosa la jinai, na namba ya shemeji yako hukuiweka rehani.

Sasa, alipwe nani kwanza? Kawaida tunamlipa anayepiga kelele zaidi, na hapo ndipo tunapopigwa. Kwa mtazamo wangu, hela ya kwanza iende kwenye deni linalokula zaidi kwa siku, hata kama mwenyewe ni mpole. Isipokuwa kikoba. Kikoba usikiguse, hata kama riba yake ni ndogo na wanachama wanakuvumilia, kwa sababu siku ukifiwa hakuna programu itakayokuja msibani.

Na tuseme ukweli, kumwambia mfanyabiashara wa Kariakoo "acha kukopa" ni maneno ya mtu mwenye mshahara. Mzigo mwingi hapa unachukuliwa asubuhi na kulipwa jioni. Mkopo wa kununua mzigo unaozunguka siku hiyohiyo unaeleweka. Unaoua ni ule wa kulipia mkopo mwingine, na hutauona kama hela ya duka na ya nyumbani zinalala kwenye laini moja. Lipa namba ibaki ya biashara, nauli na ugali vitoke kwingine.

Ukiwa na dakika moja zaidi, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Na siku ukibanwa tena, kabla ya kupakua programu mpya angalia orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya BoT, usitegemee ile ya waliokatazwa. Ile ni ya Novemba 2024, na programu inaweza kubadili jina kati ya leo na kesho.