Mzee wa Mi-solo Apate Mwanafunzi

Ndugu zangu wa Goma, tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini orodha iko Paris. Anayejua kupiga mi-solo yuko Katindo, yuko Majengo, umri umekwenda na hana wa kumrithi.

Nawaandikia kwa ajili ya mi-solo hiyo hasa. Kwenye rumba kuna gitaa la kusindikiza linaloshika mwendo, kuna solo inayoimba juu, na katikati ipo mi-solo, inayozungusha kifungu kimoja kifupi bila kuchoka. Wengi hawaisikii mpaka inyamaze. Sebeni, ile sehemu ya magitaa na kucheza, ikianza na watu wakaacha sahani zao, mimi nasema ni mpiga mi-solo aliyewainua. Kompyuta ya studio itanakili sauti yake, ila haitamfundisha kijana lini aache nafasi, lini amsubiri mwimbaji anayechelewa makusudi. Hayo hufundishwa goti kwa goti, mzee akikushika kidole na kukiweka mahali pake.

Wapo wanaosema rumba ni mambo ya Kinshasa. Si kweli. Remmy Ongala, mwana wa Kindu, aliiimba kwa Kiswahili hadi Dar es Salaam ikamfanya wake. Samba Mapangala kazaliwa Matadi, lakini bendi aliyoiunda Nairobi aliipa jina la milima yetu: Orchestra Virunga. Na vijana hawajaikataa. Innoss'B ni wa hapahapa Goma, na “Yope” yake na Diamond Platnumz, mwaka 2019, ilichezwa Afrika Mashariki yote. Vijana waliobaki mitaani hawajakaribishwa tu.

Foyer Culturel, kituo cha utamaduni cha hapa mjini, imewafundisha wengi, lakini mji huu ni mkubwa. Kwa hiyo baba unayeoza binti, kabla ya kumaliza pesa kwa DJ, wape wapiga gitaa saa moja, na uwalipe usiku uleule. Ahadi wamekula za kutosha. Makanisa yetu yana magitaa na jenereta zinazolala tangu Jumatatu hadi Ijumaa. Najua wachungaji wengine wataguna, lakini fungueni mlango jioni moja kwa wiki. Nanyi watangazaji, mkitaja mwimbaji, tajeni na mpiga gitaa.

Tangu vita vilipoingia mjini Januari 2025, watu wetu wengi wametawanyika, wanamuziki wakiwemo. Wapigieni simu. Waombeni wajirekodi kwa WhatsApp, kifungu kimoja kimoja, polepole, kamera ielekee vidole. Na kama mtaani kwako kuna mzee anayejua mi-solo, na jirani yake kijana mwenye gitaa asiyejua aanzie wapi, wakutanishe Jumamosi hii. Chai ni juu yako.