Mkono Ukivunjika, Vidole Viangaliwe

Maembe yaivapo kambini, watoto huupanda mwembe kwa hiari yao na baadhi yao huteremka kwa njia wasiyoikusudia. Aangukaye hutanguliza kiganja, na uzito wote wa mwili ukapita katika kifundo cha mkono na kigasha, penye mifupa miwili membamba. Kwa watoto, hakuna mahali panapovunjika mara nyingi zaidi ya hapo.

Mfupa wa mtoto ni mfano wa kijiti kibichi. Aghalabu hauvunjiki ukaachana, bali huchanika upande mmoja na kupinda upande wa pili, au hujikunja kidogo tu. Kwa sababu hiyo ule usemi wa majirani kwamba “anachezesha vidole, basi hakuvunjika” hauna msingi. Mtoto anayelia mfupa ukibonyezwa, au anayekataa kuutumia mkono, yapasa apigwe picha ya eksirei. Mkunjo mdogo hupona kwa muda wa wiki 3 hivi. Mvunjiko kamili huhitaji wiki 6 au zaidi. Tena mfupa wa mtoto, ukiwa bado unakua, huweza kujinyoosha wenyewe, na tabibu anayeuacha umepinda kidogo asidhaniwe kuwa mvivu.

Mtu mzima hana bahati hiyo. Mifupa yote miwili ya kigasha ikivunjika na kuachana, kwa kawaida hufungwa kwa vyuma na skurubu, maana ikiungana vibaya kiganja hakigeuki tena juu na chini. Askari kijana aliyeanguka, akasikia maumivu katika kijishimo cha chini ya kidole gumba, arudi hospitali baada ya siku 10 hadi 14 ikiwa picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Kuna kijifupa hapo ambacho ufa wake hujificha mwanzoni, nacho kikipuuzwa huweza kukosa kuunga kabisa.

Kabla ya kufika kwa tabibu, pete na bangili zivuliwe upesi. Mkono usivutwe wala kukandwa. Gazeti nene lililokunjwa, hata hili likiisha kusomwa, lafaa kuwa banzi. Kisha mkono utundikwe shingoni kwa kanga. Penye kidonda pafunikwe kwa kitambaa safi, na majeruhi achomwe sindano ya kuzuia pepopunda. Ikiwa mkono umepinda waziwazi, asile wala kunywa, kwani huenda akapewa dawa ya usingizi.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote huja baada ya mkono kufungwa. Plasta ya jasi, ambayo Antonius Mathijsen, tabibu wa jeshi la Uholanzi, aliieleza mwaka 1852, imeokoa mikono mingi. Ila haitanuki, na kigasha kilichovunjika huendelea kuvimba kwa siku 2 au 3. Mabanzi ya waunga mifupa wa kienyeji, yakikazwa kwa kamba, ni mabaya zaidi. Damu ikizuiliwa, nyama za mkono huanza kufa katika muda wa saa chache. Mwaka 1881 Richard von Volkmann wa Ujerumani aliandika habari za mikono ya namna hiyo: vidole hujikunja kama kucha za mwewe na havikunjuki tena. Wengine hukatwa mkono.

Kwa hiyo vidole viangaliwe mchana na usiku. Vikiwa baridi, vyeupe au vya samawati, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, hasa vidole vinaponyoshwa taratibu na mtu mwingine, pasingojwe asubuhi. Vidonge vya maumivu havitoshi. Kamba za mabanzi zikatwe papo hapo nyumbani. Plasta ipasuliwe hospitali, usiku huo huo. Mama ambaye mumewe yuko safarini na kikosi ataambiwa na wengi kwamba kulia ni desturi ya mtoto mwenye plasta. Asiwasikilize. Amwamshe jirani, aende langoni kwa askari wa zamu, aombe gari.

Vidole vikiwa na joto na rangi yake, mkono uinuliwe juu ya mto siku za kwanza, navyo vichezeshwe kila saa. Plasta isilowe maji, na mtoto anayewashwa asipewe kijiti cha kujikunia ndani yake.