Umemaliza Fomu Foo? Kuna mtoto wa ploti yenu anayekuhitaji

Saa tisa u nusu alasiri masomo yanaisha na watoto wa shule za kutwa wanarudi mtaani. Wengine wanarudi kwa meza ya kusomea, intaneti na mwalimu wa nyumbani anayelipwa kwa saa. Wengine wanarudi Mathare, Mukuru au Kibera, kwa chumba cha futi 10 kwa 10 ambacho ndicho jikoni, sebule na mahali pa kulala. Mama yuko kibaruani hadi usiku. Kazi ya ziada inafanyiwa kitandani, stima ikikubali.

Kwenye karatasi watoto hawa ni sawa. Elimu ya msingi ya bure ilirejea 2003, na Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki hiyo. Lakini nenda uone darasa lililofurika. Mwalimu anafundisha ya Gredi ya 5 kwa sababu ndivyo mtaala unavyotaka. Aliyekwama kwenye kusoma tangu Gredi ya 2 anaketi nyuma akinakili asichoelewa. Ripoti za Uwezo, ambao uliwapima watoto nyumbani kwao, zilionyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi hawamudu kazi ya madarasa waliyokwisha kupita.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku tuisheni za likizo. Ni sawa, wazazi walikuwa wakikamuliwa. Ila mwenye pesa hahitaji kuvunja sheria yoyote. Mwalimu anamfuata mtoto wake nyumbani. Mtoto wa mama mboga hakupewa mbadala wowote.

Hapo ndipo unaingia wewe uliyemaliza Fomu Foo. KCSE huisha Novemba, na vyuo vikuu vingi hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuanzia Agosti. Hiyo ni miezi kadhaa ya kuscroll simu na kungoja. Na usiseme hukupata A. Mtoto anayesumbuliwa na kugawanya anahitaji mtu anayejua kugawanya na aliye na subira, basi.

Anza na watoto 6 au 8, siku mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila siku. Siku ya kwanza mpe kila mmoja aya fupi asome na hesabu chache afanye. Kisha wapange kulingana na wanachojua, wala si gredi waliyomo. Shirika la Pratham la India limeeneza mbinu hiyo kwa miaka mingi, na haihitaji kompyuta wala vitabu vya bei.

Mahali? Ongea na kanisa, msikiti, au ukumbi wa kijamii wa mtaa wenu. Ukiwa Eastlands, kuna maktaba za Makadara na Kaloleni. Usiwafungie watoto kwa keja yako. Kaeni mahali pa wazi, muwe watu wazima wawili au zaidi, wazazi wajue ratiba, na chifu na nyumba kumi wawe na habari. Mkiweza, changeni uji, kwa sababu mwenye njaa hasikii hesabu. Na tafadhali, picha za watoto wa watu zisiende TikTok.

Najua utauliza: mimi mwenyewe sina kazi, nifanye ya bure tena? Swali ni la haki. Hatukuambii uache mahustle yako. Tunakuomba saa tatu kwa wiki, mtaani kwenu, bila nauli. Wala hatusemi serikali ipumzike. Madarasa yanafungwa kufuli jioni huku watoto wakikosa pa kuketi. Muulize MCA wako kwa nini kumbi za kijamii hazifunguliwi jioni, na umuulize mbele ya watu.

Jambo moja tu: usianze kama hutamaliza muhula. Mitaa yetu imezoea wageni wanaokuja na tishati, wakapiga picha, wakapotea baada ya wiki tatu. Mtoto aliyeanza kukuamini akiachwa hivyo, atasita kumwamini anayefuata. Kama unaweza siku moja pekee kwa wiki, ahidi hiyo moja na uitimize.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mama yake anafua nguo za watu ili apate unga, na mwalimu wake amezidiwa. Mkono wa tatu unaweza kuwa wako. Leo jioni mwombe ruhusa mzazi wa mtoto jirani, kisha mwambie mtoto akusomee ukurasa mmoja. Akikwama mstari wa pili, unajua kazi yako inaanzia wapi.