Mpwa Asiyependwa

Mtoto akimkasirikia mtu wa katuni, tusimcheke. Tumuulize sababu.

Scooby-Doo, yule mbwa mwoga wa katuni za Marekani, alianza kuonyeshwa mwaka 1969. Watoto walimpenda kwa kuwa anaogopa kama wao, na ana vijana wanne wa kutembea naye. Mwaka 1979 watazamaji walikuwa wamepungua, ndipo wenye katuni wakamleta mpwa wake mdogo, Scrappy-Doo, mwenye majivuno na kutaka kupigana na kila mtu. Watazamaji waliongezeka, lakini wapenzi wengi wa zamani walimchukia. Tunawaelewa: mwaka 1980 Fred, Daphne na Velma waliondolewa, mgeni akabaki. Katika filamu ya mwaka 2002 Scrappy mwenyewe alifanywa adui.

Sisi tunaona kosa si la mtoto aliyeletwa. Ni la wakubwa waliompa nafasi kwa kuwanyang'anya wengine. Nyumbani pia, tukipokea mtoto wa ndugu, tumtafutie sahani yake. Tusimpe ya yule aliyemkuta.