Beti za Mkebeni Nazo ni Ushairi

Katika kikao kimoja cha washairi nilimsikia mwenzetu, ambaye kalamu yake naiheshimu, akisema kwamba beti za salamu za Noeli ni vina vitupu, ushairi haumo. Waliokuwapo wakacheka. Nami nikacheka kwa adabu, kisha nikarudi nyumbani na aibu, kwa kuwa nilikuwa nimeucheka mkebe wa bibi yangu.

Marehemu baba alikuwa karani Tanga. Kila Desemba ambayo hatukuweza kwenda Moshi, alimpelekea mama yake kadi, na ndani ya kadi ubeti mmoja. Bibi hakujua kusoma. Usiku wa mkesha mjukuu mmoja alisimama karibu na chemli akausoma, akaamriwa arudie, hata nyumba nzima ikaushika kwa moyo. Kisha kadi ikaingia katika mkebe wa biskuti, chini ya kitanda. Miaka tuliyofika sisi wenyewe, niliitwa mimi nizisome za nyuma. Huu ni wa Krismasi ya 1983:

Mama naleta salamu, Noeli ingawa mbali,
Nauli haikutimu, bosi kanyima kibali,
Sukari hapa adimu, natuma kilo kamili,
Mwaka mpya tukidumu, tutakula nawe wali.

Mabingwa wa arudhi wataniuliza: taswira iko wapi? Sitiari iko wapi? Nami nawauliza: mizani imepunguka wapi? Kina kipi kimepotea? Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na sukari ilisakwa kwa foleni. Basi litazameni neno "kamili". Mtu aliyesimama juani akapata kilo moja, asiitoe hata kijiko kwa chai ya wanawe, akamfungia mama yake yote, huyo alihitaji sitiari ya nini? Neno hilo moja limebeba mzigo ambao baadhi yetu tumeshindwa kuubeba kwa beti thelathini.

Tusijisahau, ndugu zangu. Utendi wa Mwana Kupona, tunaoutaja kila tunapotaka kuonyesha ukongwe wa fani yetu, ulitungwa mnamo 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake. Haukutungiwa jopo la waamuzi wala mchapishaji. Ulikuwa amana ya nyumbani kabla ya kuwa hazina ya lugha. Lau warithi wake wangekuwa na kiburi chetu cha leo, tungekuwa tunasoma nini?

Wapo pia wanaodai kwamba Noeli si mada ya bahari zetu za ushairi. Hao alikwisha kuwajibu Mathias Mnyampala wa Dodoma, aliyetunga Utenzi wa Enjili Takatifu. Shairi halimuulizi mtu dini yake. Humuuliza mizani yake.

Bibi alipofariki, nyumba ilisafishwa. Nilipofika uani, mkebe ulikuwa wazi, na kadi zilikuwa zikiungua pamoja na majani makavu ya migomba. Niliokoa tisa. Nilimkaripia kijana aliyewasha moto, naye akanijibu kwa upole kwamba alidhani ni karatasi tu. Leo namwomba radhi. Nani alimfundisha kuwa ni karatasi tu? Ni sisi, tunaocheka vikaoni.

Kwa hiyo siombi beti hizi zipewe tuzo. Nadai zihesabiwe. Desemba hii, kabla hujatuma picha ya theluji uliyotumiwa na mwingine, fungua mkebe wa nyumbani kwenu. Nakili kila ubeti kama ulivyo, pamoja na makosa yake. Andika mwaka, aliyetunga na aliyetungiwa. Kisha tunga wako mmoja, umpelekee mtu mmoja anayekungoja. Atakayeucheka, mpe kalamu na jina la mama yake, umwambie ajaribu.