Inchi 26 siyo saizi ya baiskeli: pima fremu kabla hujaposti

Wauzaji wenzangu, hasa nyie mnaouza baiskeli za mtumba kwa WhatsApp na Facebook, leo nina neno nanyi. Ukifungua matangazo ya baiskeli huku kwetu Karatu unakutana na kitu kilekile: "Mtumba gredi A, saizi 26, bei maelewano, njoo inboksi." Sasa hiyo 26 ni ya tairi. Haimwambii mteja kama akikaa kwenye siti atakanyaga pedali vizuri, wala kama akisimama miguu itafika chini.

Saizi inayohusu mwili wa mtu ni ya fremu. Unaweza kuwa na baiskeli mbili zote tairi 26, moja fremu yake inchi 15 na nyingine inchi 20. Hapo kuna tofauti ya karibu sentimita 13. Mteja anayeona picha tu ataijuaje?

Kwa maoni yangu, kazi ya kupima ni ya muuzaji. Dukani mteja anapanda, anazunguka kidogo, anaamua mwenyewe. Mtandaoni hapandi chochote. Ukimtumia mtu wa Endulen baiskeli, ikishapita geti la Lodoare ndiyo imeenda. Ikimshinda, nauli ya kuirudisha Karatu atalipa nani? Mtaanza kuvutana, na kesho yake jina lako linazunguka kwenye magrupu.

Halafu angalia njia zetu. Huku ni milima. Mtu anashuka kutoka Rhotia kuelekea Mto wa Mbu, au anakula vumbi la Mang'ola, ghafla ng'ombe wanavuka. Lazima afunge breki na kuweka mguu chini. Baiskeli tupu ikiwa kubwa unaweza kuilaza kidogo upande ukafika. Lakini ukiwa na madumu mawili ya lita 20 kwenye keria, hizo ni kilo 40 nyuma yako. Ukiilaza tu, mnalala wote. Na kama bomba la juu la fremu liko juu kuliko miguu yako, unapodondoka mbele ya siti unajua mwenyewe utaumia wapi.

Najua wengi mnamjibu mteja, "Usijali, utashusha siti." Kushusha siti hakushushi bomba la juu. Na fremu ikiwa ndogo, kupandisha siti kuna mwisho: kile chuma cha siti kina alama ya mwisho wa kuvutwa. Ukiipita, chuma kinaweza kupinda au fremu ikapasuka. Isitoshe siti ikipanda, usukani unabaki chini, mtu anaendesha amejikunja, magoti na mgongo vinamlipia.

Kupima kwenyewe ni dakika mbili na futi ya fundi cherehani. Anza na baiskeli: weka futi katikati ya ekseli ya pedali, panda na bomba linaloshika siti mpaka pale bomba lenyewe linapoishia (siyo kwenye siti). Hiyo ndiyo saizi ya fremu. Piga picha futi ikiwa palepale, uiposti pamoja na zile picha nzuri.

Kwa mteja, usiulize urefu wake tu. Watu wawili wa urefu mmoja wanaweza kutofautiana miguu. Mwambie avue viatu, asimame kwa kuegemea ukuta, aweke kaunta buku katikati ya mapaja ikiwa imebana juu kabisa, mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kaunta buku. Kwa baiskeli za gia za milimani, zidisha hicho kipimo kwa 0.57. Mwenye mguu wa sentimita 78 anapata karibu 44.5, yaani fremu ya inchi 17 na nusu.

Zile Phoenix za tairi 28 ambazo bomba lake la juu limelala sawa, wala usihangaike na hesabu. Pima kutoka chini hadi juu ya bomba, ulinganishe na mguu wa mteja. Kwa njia za huku mguu uzidi angalau sentimita 5. Usipozidi, mwonyeshe ya kike isiyo na bomba la juu. Wanaume wengine watanuna, lakini kwa kubebea maji na majani ya ng'ombe ile ni baiskeli nzuri sana.

Watoto peke yao ndio huuziwa kwa saizi ya tairi: 12, 16, 20, 24. Hapo shida ni mzazi anayenunua kubwa kama sweta la shule, eti "atakua nayo". Mtoto ambaye vidole havifiki kwenye breki usimuuzie.

Kuna atakayesema mteja akisumbuliwa na vipimo atahamia kwa mwingine. Wapo, waende. Ila mtu aliyekubali kutafuta futi na kaunta buku saa mbili usiku, huyo ameshaamua kununua. Tangazo lake liandike hivi: "Baiskeli ya gia, tairi 26, fremu inchi 17, inamfaa mwenye mguu wa sm 73 hadi 78. Tuma kipimo chako kwanza, bei tutaongea."