Mgonjwa Si Mvivu



Wapendwa taifa la Mungu, tunapopeleka Komunyo Takatifu majumbani hapa Kyimo, twakutana na wagonjwa ambao ni nadra kutajwa katika nia za Misa. Waliugua homa, homa ikaondoka, nguvu zisirudi. Wakichuma chai nusu siku, hulala siku tatu. Akili huwa nzito, viungo huuma, usingizi hauwapumzishi. Wakipimwa, huambiwa hawana kitu. Ndipo majirani husema wamerogwa, jamaa husema ni wavivu, na baadhi yetu wenye kuombea huharakisha kukemea pepo.

Tunasema wazi: huko ni kumsingizia mgonjwa.

Wazee wa nchi hii walikuwa na busara zaidi. Mwaka 1952, homa ilipozuka katika uwanda wa Makonde, watu walimtazama mgonjwa alivyopindika kwa maumivu, wakaupa ugonjwa jina la Kimakonde: chikungunya, yaani kile kipindacho. Jina hilo leo hutumika duniani kote, na madaktari wanakiri kwamba kwa baadhi ya wagonjwa maumivu hayo hudumu miezi, hata miaka.

Wasomi wa mbali hawakuwa na macho hayo. Mwaka 1955 watu karibu 300, wengi wao watumishi, waliugua katika Hospitali ya Royal Free, London. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili, wakitegemea mafaili, waliandika kwamba ulikuwa mhemko tu, na wakataja kama ushahidi kwamba wengi walikuwa wanawake. Hayo yaliandikwa ingawa Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuuweka ugonjwa wa namna hiyo kati ya magonjwa ya mishipa ya fahamu mwaka 1969. Wagonjwa walibeba aibu hiyo miaka mingi. Mwaka 2021 tu ndipo miongozo ya tiba ya Uingereza ilipoacha kuwapangia mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua. Mwaka huohuo Shirika hilo lilitoa maelezo rasmi ya hali ya kuugua baada ya Uviko-19.

Wapo wasemao: jina haliponyi. Ni kweli, lakini jina huamua mgonjwa atapelekwa kwa nani, utafiti gani utagharimiwa, na kama nyumbani atapewa uji au matusi. Sayansi haijamaliza kazi yake. Hata hivyo, dalili nyingi zaonyesha kwamba kinga ya mwili na mishipa ya fahamu vyote vinahusika. Kwa hiyo twaona ni haki magonjwa haya yahesabiwe huko, wala si kwenye kapu la uvivu na mapepo.

Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitafuta nani alitenda dhambi. Bwana alilikataa swali lenyewe. Sisi ni nani tuliulize tena?

Basi, mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali kwanza, apimwe kifua kikuu, upungufu wa damu, kisukari na Virusi vya Ukimwi, kwa maana hayo yana tiba. Asipopatikana nayo, asitukanwe. Apumzike kabla nguvu hazijamwishia. Jumuiya ndogo ndogo zimlimie shamba lake. Tumwombee, lakini tusimlazimishe kushuhudia uponyaji asioupata.

Mungu awabariki.